Antivirusi na Brauza Zikigombana: Mwongozo Kamili kwa Kompyuta ya Steshenari

Msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB na wa ajira ukifika, wenye steshenari wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni hapa Tanga huniletea swali moja. Mteja ameshakaa na bahasha ya vyeti mapajani, na ukurasa haufunguki. Simu ya mwenye duka inaufungua palepale, kompyuta inakataa. Mwenye duka anazima antivirusi, ukurasa unakuja, kazi inaisha. Kesho yake flashi ya mteja mwingine inamwachia virusi. Anaiwasha antivirusi, na ukurasa unagoma tena. Wapo walioongeza antivirusi ya pili wakidhani ya kwanza ni dhaifu, na sasa kompyuta inachukua muda wa kunywa chai nzima kufungua Word.

Kosa linalorudiwa ni kuanza na kuzima au kufuta kabla ya kumjua anayegoma. Anaweza kuwa saa ya kompyuta, brauza iliyozeeka, antivirusi, au tovuti yenyewe. Hatua za hapa zimepangwa kwa gharama: zisizokula bando wala muda zinatangulia. Usiziruke, maana wengi hawafiki hata ya tano.

Maelezo ni ya Windows 10 na 11. Wenye Windows 7 wana sehemu yao karibu na mwisho, lakini hata wao waanze na hatua ya 1 na ya 2. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa kompyuta nyingi za madukani zimewekwa kwa Kiingereza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa chochote

- Simu yenye bando, ya kutoa hotspoti na ya kupimia.
- Flashi safi ya GB 4 au zaidi, isiyopitapita kwa wateja.
- Nenosiri la akaunti yenye mamlaka ya kusakinisha na kuondoa programu. Kama alilijua fundi aliyekuuzia tu, mpigie kwanza.
- Namba ya leseni ya antivirusi, kama uliinunua kwa pesa yako. Ukiifuta bila kuiandika, huenda ukanunua upya.
- Betri ndogo ya duara, CR2032, kama kompyuta yako ya mezani husahau tarehe kila umeme ukikatika.
- Kalamu na karatasi.

Chagua wakati ambao hakuna mteja. Ijumaa mchana duka likiwa limefungwa kwa ajili ya swala, au jioni baada ya kufunga hesabu, ni sawa. Hatua ya 6 inataka kompyuta izimwe na kuwashwa zaidi ya mara moja, na mteja mwenye haraka atakufanya uruke mahali.

## Hatua ya 1: Soma maandishi madogo, kisha pima kwa simu

Ukurasa ukigoma, sentensi kubwa ya juu, ile inayosema muunganisho wako si wa faragha, haikwambii kitu. Hutokea kwa matatizo mengi tofauti. Habari iko chini yake, kwenye maandishi madogo ya herufi kubwa yaliyounganishwa kwa mistari, mfano NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Yanakili, au yapige picha.

Halafu fungua anwani ileile kwenye simu inayokupa hotspoti. Iwe simu hiyohiyo, siyo ya jirani yenye laini nyingine, kwa sababu unataka vyote viwili vipite mtandao mmoja. Simu ikifungua na kompyuta ikigoma, tatizo ni la kompyuta, endelea. Simu nayo ikigoma, iache kompyuta ilivyo. Siku za mwisho za maombi mifumo huelemewa, na kufuta antivirusi yako hakumwongezei mtu nguvu ya seva.

Maandishi uliyonakili yanakuelekeza hivi:

- Yakiwa na DATE_INVALID, nenda hatua ya 2.
- Yakiwa ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH, au hakuna kosa lolote bali ukurasa ni mweupe na batani hazibofyeki, mshuku brauza: hatua ya 3.
- Yakiwa ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, au kwenye Firefox SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER au MOZILLA_PKIX_ERROR_MITM_DETECTED, hapo antivirusi ndiyo mshukiwa wa kwanza: hatua ya 4.
- Yakiwa ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED, ruka hadi hatua ya 7.

Onyo: usibofye "Advanced" kisha "Proceed" ili kulazimisha ukurasa unaodai nenosiri, namba ya NIDA au malipo. Onyo la cheti, yaani kitambulisho cha tovuti, mara nyingi linatokana na uzembe wa kompyuta yako, lakini mara nyingine mtu kweli amekaa katikati yenu. Kwa macho hutaweza kutofautisha.

## Hatua ya 2: Sahihisha saa na tarehe

Hii inaonekana ya kitoto, ndiyo maana watu huiruka.

Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Let's Encrypt, mmoja wa watoaji wakubwa wa vyeti duniani, kwa miaka mingi ametoa vyeti vya siku 90 tu. Kompyuta ikiamka ikiamini ni mwaka 2015, kwa hesabu yake cheti hicho bado hakijazaliwa. Antivirusi nayo hupotea hapohapo: huiona leseni kama haijaanza, au hushindwa kuapdeti.

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya saa, chagua "Adjust date and time", washa "Set time automatically", kisha bofya "Sync now".

Kwenye orodha ya majira usiitafute Dar es Salaam, haimo. Chagua ile iliyoandikwa "(UTC+03:00) Nairobi", ndiyo yetu Tanzania, Kenya na Uganda. Ukichagua isiyo ya UTC+03:00, saa itaonekana sawa leo kwa kuwa umeisogeza kwa mkono, na ikijipanga yenyewe kesho itapotea tena.

Wapo pia waliopanga saa ya kompyuta isomeke 2:00 AM kwa kuwa nje ni saa mbili asubuhi. Kompyuta haina habari na saa zetu. Saa mbili asubuhi kwake ni 8:00 AM, na tofauti hiyo ya saa 6 inatosha kukataa cheti kilichotolewa leo asubuhi.

Kama tarehe inarudi nyuma kila umeme wa TANESCO ukikatika, betri ya CR2032 iliyo kwenye ubao wa ndani imekufa. Kwa kompyuta za mezani za mtumba hili ni la kawaida kabisa. Zima, chomoa waya wa umeme kwenye ukuta, fungua ubavu wa boksi, toa betri ya zamani kwa ukucha, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Kama ni laptopu, mpelekee fundi, kwa kuwa nyingine betri hiyo imeunganishwa kwa waya mwembamba.

Umefanikiwa ukiona: umechomoa waya usiku kucha, na asubuhi tarehe bado ni sahihi bila intaneti.

## Hatua ya 3: Ipime brauza yenyewe

Kwenye Chrome andika chrome://settings/help sehemu ya anwani na ubonyeze Enter. Kwenye Edge ni edge://settings/help. Kwenye Firefox fungua menyu, "Help", kisha "About Firefox". Brauza itajikagua na kujiapdeti papo hapo. Iache imalize, kisha bofya "Relaunch" au "Restart".

Brauza ya zamani hugoma kwa sababu mbili. Kwanza, tovuti za sasa zimeandikwa kwa lugha ambayo haijaisikia, ndiyo maana fomu inakuja nusu na batani ya kutuma haiitikii. Pili, namna za kufunga mawasiliano zimebadilika: mwaka 2020 brauza kubwa ziliachana na TLS 1.0 na 1.1, na tovuti nyingi zikafuata.

Chrome ikikwambia imefika mwisho na toleo ni 109, tatizo ni Windows uliyonayo. Nenda sehemu ya Windows 7.

Kama bado kuna mtu dukani anafungua Internet Explorer, mwambie aache. Microsoft iliistaafisha tarehe 15 Juni 2022. Ukikutana na mfumo wa kizamani wa ofisi fulani unaodai Internet Explorer pekee, Edge ina njia yake: Settings, "Default browser", ruhusu kurasa zifunguliwe kwa "Internet Explorer mode". Itumie kwa ukurasa huo mmoja tu.

Brauza ikiwa mpya na ukurasa bado unagoma, fungua dirisha la siri: Ctrl+Shift+N kwa Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwa Firefox. Dirisha hili huwa halibebi vidakuzi (cookies) vya zamani, na kwa kawaida halipakii viongezi (extensions). Ukurasa ukifunguka humo, kosa liko kwenye kimoja kati ya viwili hivyo.

Anza na viongezi. Andika chrome://extensions, edge://extensions au about:addons na uzime vyote, kisha washa kimoja kimoja huku ukijaribu ukurasa. Utashangaa kukuta kiongezi cha antivirusi ambacho hukukiomba, kinachojiita mlinzi wa utafutaji au wa ununuzi. Viongezi vya namna hiyo huweza kubadili ukurasa wa utafutaji, kuzuia madirisha madogo ambayo mifumo ya malipo huyahitaji, na kupaka alama za rangi kwenye kila kiungo. Mimi huviondoa bila huruma. Brauza zenyewe zina ulinzi wa kurasa za kitapeli: Chrome na Firefox hutegemea Safe Browsing ya Google, Edge ina SmartScreen.

Kama ni vidakuzi, futa vya tovuti hiyo tu. Bofya alama iliyo kushoto mwa anwani, ingia "Cookies and site data", futa, kisha bonyeza Ctrl+F5. Ukifuta vya tovuti zote utajitoa kwenye akaunti zote, na ukiweka tiki kwenye manenosiri utajuta hadi msimu ujao.

Umefanikiwa ukiona: ukurasa unafunguka kwenye dirisha la kawaida, na fomu inakubali kuambatisha PDF.

## Hatua ya 4: Tazama nani amesaini cheti

Hapa ndipo ugomvi wa antivirusi na brauza unapoonekana kwa macho, na ajabu ni kuwa mafundi wengi hawatazami.

Fungua tovuti yoyote salama inayofunguka. Bofya alama iliyo kushoto mwa anwani. Zamani ilikuwa kofuli, kwenye Chrome za sasa ni vistari viwili vyenye vidoti. Chagua "Connection is secure", kisha "Certificate is valid". Litafunguka dirisha dogo lenye sehemu ya "Issued By". Soma jina lililoandikwa hapo.

Ukikuta Let's Encrypt, DigiCert, Sectigo, GlobalSign au Google Trust Services, tovuti inaongea na brauza yako moja kwa moja. Ukikuta jina la antivirusi yako, basi umempata. Fungua tovuti nyingine mbili: jina litakuwa lilelile kwenye zote, kana kwamba dunia nzima inasainiwa na kampuni moja.

Antivirusi nyingi zina kipengele cha kukagua mawasiliano yaliyofungwa, yaani HTTPS. Ni kama karani wa posta anayefungua barua zako, akazisoma, akazitia kwenye bahasha mpya na kugonga muhuri wake. Ili brauza isilalamike, antivirusi hupachika muhuri huo kwenye orodha ya watoaji vyeti wanaoaminiwa na Windows. Muhuri ukikosekana, ukiharibika wakati wa apdeti, au ukabaki wa zamani, brauza inaona bahasha imesainiwa na mtu isiyemjua, na inakataa kuifungua. Inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Firefox za kabla ya mwisho wa mwaka 2023 zilipata shida zaidi kwa sababu kwa kawaida zilitegemea orodha yao wenyewe ya watoaji vyeti, mbali na ile ya Windows. Ndiyo maana uliweza kukuta Chrome inafungua na Firefox inagoma kwenye kompyuta moja. Mapema mwaka 2019, toleo la 65 la Firefox lilipotoka, watumiaji wa Avast na AVG walikumbana na hili hasa, hadi Mozilla ikasitisha kwa muda apdeti za kujiendesha kwenye Windows.

Lipo na gomvi la namna nyingine ambalo halihusu vyeti. Oktoba mwaka huohuo, Chrome 78 ilikuwa ikianguka kwenye kila ukurasa, na maneno "Aw, Snap!", kwa kompyuta zenye matoleo ya zamani ya Symantec Endpoint Protection. Antivirusi ilikuwa inajipenyeza ndani ya Chrome, na Chrome mpya ikafunga mlango. Dawa ilikuwa kuapdeti antivirusi. Brauza inajiapdeti yenyewe kila baada ya muda mfupi. Antivirusi uliyoigandisha kwa kuogopa bando inabaki nyuma, na siku moja hawataelewana.

## Hatua ya 5: Zima ukaguzi wa HTTPS, siyo antivirusi nzima

Kwanza iapdeti antivirusi: programu yenyewe, siyo orodha ya virusi pekee. Jaribu ukurasa. Ukifunguka, simama hapo.

Usipofunguka, zima kipengele kimoja tu:

- Avast na AVG: Menu, Settings, Protection, Core Shields, shuka hadi Web Shield, toa tiki kwenye "Enable HTTPS scanning".
- Kaspersky: kwenye mipangilio ya mtandao, chagua "Do not scan encrypted connections".
- ESET: bonyeza F5, tafuta sehemu ya SSL/TLS, izime.
- Bitdefender: Protection, Online Threat Prevention, zima "Encrypted web scan".

Menyu huhamahama toleo hadi toleo. Usipoiona njia hiyo, tafuta popote palipoandikwa HTTPS, SSL au "encrypted".

Unachopoteza ni kidogo. Antivirusi haitaona tena yaliyomo ndani ya ukurasa kabla hayajafika, lakini faili ukilipakua litakaguliwa likigusa diski, na brauza inaendelea kuzuia kurasa zinazojulikana kuwa za kitapeli. Unachopata ni brauza inayoongea na mfumo wa mikopo au wa kodi bila mtu katikati. Kwa duka ambalo wateja huandika manenosiri yao, naona ni afadhali hivyo hata kama hakuna kilichogoma.

Funga brauza yote, ifungue upya, rudia ukaguzi wa hatua ya 4.

Umefanikiwa ukiona: "Issued By" imebadilika kutoka jina la antivirusi hadi la mtoaji halisi, na ukurasa umefunguka.

## Hatua ya 6: Bakiza antivirusi moja

Tanga ni waja leo waondoka leo, ila antivirusi ya majaribio ikija haiondoki. Iliingia na kompyuta, au ilijibandika nyuma ya programu nyingine, muda wake ukaisha, na ikabaki imekaa kwenye kona ya skrini ikiomba pesa.

Fungua "Windows Security", kisha Settings, kisha "Manage providers". Hapo utaona antivirusi zote zilizojiandikisha na ipi iko kazini. Zikiwa mbili zisizo za Microsoft, umepata sababu ya kompyuta kusinzia. Kila faili linalofunguliwa linakaguliwa mara mbili, na kila moja huweza kuziona nyaraka za mwenzake kama virusi.

Ya kubakiza ni ipi? Kwa kompyuta ya steshenari, jibu langu ni Microsoft Defender, iliyomo tayari ndani ya Windows 10 na 11. Haidai leseni, haipachiki muhuri wake kwenye kurasa zako, na huapdetiwa pamoja na Windows. Defender hujiondoa kazini yenyewe ikiingia antivirusi nyingine, na hurudi nyingine ikitoka, kwa hiyo hutakaa bila ulinzi. Kama umelipia antivirusi nzuri na leseni iko hai, baki nayo, toa nyingine. Lakini antivirusi iliyofunguliwa kwa kraki, yaani programu ya kuvunja leseni, haina nafasi. Umemkabidhi funguo za duka mtu aliyevunja kufuli ili akuuzie mlinzi.

Sasa kuondoa, kwa mpangilio huu:

1. Kwanza pakua kifaa rasmi cha kufutia kutoka tovuti ya mtengenezaji, ukiweke kwenye flashi safi. Avast wana Avast Clear, AVG wana AVG Clear, Kaspersky wana kavremover, McAfee wana MCPR, ESET wana chao. Kipakue kabla ya kufuta, kwa sababu baadhi ya antivirusi zikitoka vibaya hukata intaneti, na hutaweza kukipata tena.
2. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika appwiz.cpl, Enter. Chagua antivirusi, "Uninstall". Ikikuuliza mara tatu kama una uhakika na kukupa punguzo la bei, endelea.
3. Zima na uwashe kompyuta.
4. Ingia Safe Mode: shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza namba 4.
5. Endesha kifaa cha kufutia kutoka kwenye flashi. Kikimaliza, washa upya kawaida.

Sababu ya Safe Mode ni kwamba antivirusi hujilinda isifutwe, kama inavyopaswa. Ikiwa hai, kuna mafaili hayaguswi. Katika Safe Mode huwa haijaamka.

Onyo: laptopu nyingine zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, na zitadai namba ndefu ya siri ukitaka kuingia Safe Mode. Iandike mapema kutoka akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Usipoipata, ishia namba 3.

Umefanikiwa ukiona: "Manage providers" inaonyesha moja tu ikiwa kazini, na ngao ya Windows Security ina tiki ya kijani.

## Hatua ya 7: Safisha mabaki

Wakati mwingine antivirusi imetoka na intaneti imekufa kabisa. Usiirudishe. Angalia haya.

Settings, "Network & Internet", "Proxy". "Use a proxy server" iwe imezimwa. Ukikuta anwani 127.0.0.1 hapo, brauza inatuma kila kitu kwa programu ambayo haipo tena. Iwe ni mabaki ya antivirusi au ya virusi, zima.

Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", andika amri hizi moja moja, kisha washa upya kompyuta:

netsh winsock reset
ipconfig /flushdns

Mwisho, fungua Notepad kama msimamizi na uangalie faili liitwalo hosts kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc. Kwa kawaida mistari yake yote huanza na alama ya #. Kraki nyingi huongeza mistari hapa ili kuzuia programu isiwasiliane na mwenye nayo, na virusi huongeza ya kuzuia tovuti za antivirusi. Mstari usio na # na usioujua, nakili mahali kisha ufute.

## Hatua ya 8: Hakikisha ulinzi upo kweli

Ukurasa kufunguka ni nusu ya kazi.

Fungua expired.badssl.com. Ni tovuti ya majaribio yenye cheti kilichokwisha muda kwa makusudi, na brauza yako inatakiwa ikatae. Ikifunguka bila onyo, bado kuna kitu katikati kinachopitisha vyeti vibovu. Rudi hatua ya 4.

Kisha nenda eicar.org upakue faili la kupimia. Siyo virusi. Ni maandishi ya herufi 68 ambayo antivirusi zimekubaliana kuyatambua ili watu wapime bila hatari. Antivirusi yako inatakiwa ilikamate mara moja. Likitulia kwenye "Downloads" bila kelele, ulinzi umelala: fungua Windows Security uone kama "Real-time protection" imewashwa.

Kama kompyuta imekaa muda mrefu bila ulinzi, chagua "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)" kwenye "Scan options". Kompyuta itajizima na kujikagua kabla Windows haijaamka, takribani dakika 15.

## Hatua ya 9: Flashi za wateja

Watu hulundika antivirusi kwa ajili ya flashi, siyo kwa ajili ya intaneti. Kwa hiyo usipolishughulikia hili, baada ya wiki utasakinisha ya pili tena.

Kwenye File Explorer fungua "View" uweke tiki "File name extensions". Sasa CV.pdf.exe itaonekana kama ilivyo, badala ya kujifanya CV.pdf. Hii peke yake inaokoa mengi.

Flashi ikiingia, usiibofye mara mbili. Bofya kitufe cha kulia juu yake, chagua ukaguzi wa Defender, usubiri.

Ukikuta mafolda ya mteja yamegeuka njia za mkato, kazi yake haijapotea, imefichwa. Baada ya kukagua na kuondoa virusi, fungua Command Prompt na uandike amri ifuatayo, ukiweka herufi halisi ya flashi badala ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Iangalie herufi mara mbili kabla ya Enter. Ukiandika C badala ya E utakuwa unachezea mafaili ya Windows.

Na mteja anayeweza kukutumia PDF kwa WhatsApp au barua pepe, mwombe afanye hivyo. Akimaliza kujaza fomu yake, hakikisha ametoka kwenye akaunti. Bora zaidi, mfungulie brauza kwa "Guest", likifungwa dirisha kila kitu kinaondoka naye.

## Wenye Windows 7 na 8.1

Hapa antivirusi yoyote haitakusaidia. Msaada wa Microsoft kwa Windows 7 ulikwisha tarehe 14 Januari 2020. Chrome ya mwisho kwa 7 na 8.1 ni 109, na kuanzia toleo la 110 la Februari 2023 inataka Windows 10. Kwa Firefox, ya mwisho ni tawi la ESR 115, lile la msaada wa muda mrefu. Hilo tawi ni kiraka cha kukufikisha mwisho wa mwezi, usilijengee biashara.

Kompyuta ikiwa na RAM ya GB 4 na kazi zako zote ziko ndani ya brauza na printa, Linux Mint itaifufua bila gharama ya leseni. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, uone kama printa yako inaitika. Kama unatumia programu za Windows tu, weka Windows 10 au 11 halali kadiri mashine inavyoruhusu. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft imesema Defender itaendelea kupata orodha mpya za virusi humo hadi Oktoba 2028. Ukinunua mashine sasa, uliza kwanza kama inakubali Windows 11.

## Ukurasa mmoja ukigoma bado

Umepita hatua zote, tovuti nyingine zote zinafunguka, na mmoja tu unakataa. Ujaribu kwa brauza ya pili. Ikikataa nayo, piga picha ya skrini inayoonyesha anwani nzima, maandishi madogo ya kosa, tarehe na saa, na uitume kwa kitengo cha msaada cha wenye mfumo. Picha isiyo na anwani wala maandishi hayo hawataifanyia kazi. Wakati unasubiri, mteja mwenye tarehe ya mwisho mjazie kwa simu: kwenye Chrome ya simu fungua menyu ya vidoti vitatu, weka tiki "Desktop site", ulaze simu, uambatishe PDF zake kutoka WhatsApp.